Kumshukuru mfanyakazi wa kanisa: kuanzia mshahara hadi koti la mlinzi

Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu haipoi. Mchungaji kijana wa Mafinga, mkuu wa shule ya kanisa Tukuyu, mganga mfawidhi wa zahanati ya misheni, mama mlezi wa hosteli: wote wana swali moja. "Baba Mchungaji, Krismasi hiyo inakuja. Watumishi wangu niwape nini?" Nami huwarudishia swali: "Mshahara wa Oktoba umeshatoka?" Hapo wengine hucheka. Wengine mtandao hukatika ghafla.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika.

Huku Nyanda za Juu Kusini kanisa halijawahi kuwa ibada ya Jumapili peke yake. Tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, misheni zetu zimekuwa na shule, zahanati, karakana na mashamba, na kila kimoja kina watu wanaoamka gizani kukiendesha. Kuna mwinjilisti, mhasibu, katibu muhtasi, dereva, muuguzi, mpishi, mfagizi, mlinzi. Kama unao watu wa namna hiyo chini yako, wawe watatu au thelathini, soma. Nadharia za uongozi sina.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja. Usitumie simu; simu hupotea, na mtu akikuona unabonyeza simu anapoongea nawe atadhani humsikilizi.
- Orodha ya watumishi wote, majina yakiwa kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Waweke na wale ambao hawamo kwenye orodha ya mishahara: anayepiga kengele, anayechota maji, kijana anayefunga vipaza sauti kila Jumapili.
- Mikataba na orodha ya malipo ya miezi mitatu iliyopita. Mwombe mhasibu, na umwombe kwa adabu.
- Kifungu kwenye bajeti. Kiite "motisha na ustawi wa watumishi" au jina lolote ambalo baraza lako litalipitisha. Watumishi 9 kwa shilingi 20,000 kila mmoja kwa mwaka ni shilingi 180,000. Usharika unaotumia zaidi ya hapo kwa maua na mapambo ya Pasaka hauwezi kusema hauna.
- Dakika kumi kila Ijumaa mchana.
- Mtu mmoja wa kukuambia ukweli. Kwangu amekuwa mzee wa kanisa mmoja, mama wa makamo, asiyeogopa kofia ya mtu. Utamsikia huko mbele.

Hatua ya 1: Lipa kwanza unachodaiwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapoanguka.

Mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi miwili hawezi kuisikia asante yako. Masikio anayo, ila ukimwambia "Mungu akubariki kwa kazi njema" yeye anasikia "endelea kusubiri". Walawi 19:13 inakataza ujira wa mwajiriwa kulala kwako hadi asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Sisi tunaohubiri maneno hayo tukiwa tumeshika ujira wa mpishi tumejiweka pabaya.

Chukua ile orodha ya malipo, pitia mtu mmoja mmoja, na ujiulize haya:

a) Ana mkataba wa maandishi, na nakala yake anayo yeye mwenyewe?

b) Michango yake ya NSSF inafika? Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kumkata mtu halafu fedha isifike kwenye mfuko ni wizi, hata kama fedha hiyo ilinunua saruji ya madhabahu.

c) Amekwenda likizo mwaka huu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Kanisani tuna tabia ya kumsifu "asiyechoka", mtu ambaye hajapumzika tangu askofu aliyepita. Huyo hahitaji sifa. Anahitaji kwenda kwao Ludewa akalale.

d) Saa anazofanya kazi ni zipi? Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na zaidi ya hapo hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Hesabu saa za mlinzi wako. Hesabu na za mpishi wa hosteli wiki ya kongamano la vijana.

Kama kuna deni, usilifiche chini ya sherehe. Waite watumishi, sema kiasi na sema tarehe. Ikiwa sadaka imepungua kwa sababu ni miezi ya njaa na mahindi hayajakomaa, sema hivyo. Kisha hakikisha fedha kidogo iliyopo haimalizikii ofisi ya mchungaji. Mfagizi akijua kwamba nawe hujapokea, mtasubiri pamoja. Akijua wewe umepokea, ndiyo mwisho wa mahubiri yako kwake.

Angalizo juu ya neno "mtumishi". Ni neno zuri, ila tunalitumia vibaya. Siku ya kazi mtu ni "mtumishi wa Mungu", siku ya kulipwa tunamwambia thawabu yake iko mbinguni. Anayejitolea na aliyeajiriwa ni watu wawili tofauti. Wote washukuru, lakini usimgeuze wa pili kuwa wa kwanza bila yeye kujua.

Hatua ya 2: Tenga zawadi na vitendea kazi

Kosa hili nililifanya mwenyewe. Krismasi moja, nikiwa upande wa Njombe, tulimwita mlinzi wetu mbele ya usharika na kumpa koti zito la sufu na gumbuti. Vigelegele, picha, kwaya ikapiga pambio. Mzee akapokea kwa mikono miwili, akainama. Mimi nikajiona nimefanya jambo.

Baada ya ibada yule mama mzee wa kanisa akanifuata ofisini. Hakuketi. Akasema, "Baba Mchungaji, koti ni zuri. Mwezi wa saba alikuwa analinda na nini?"

Anayeijua Njombe ya Julai, asubuhi umande umeganda mweupe kwenye nyasi, ataelewa kwa nini sikuwa na jibu. Lile koti halikuwa zawadi. Lilikuwa kifaa cha kazi, tena kilichochelewa miaka minne.

Kwa hiyo pitia orodha tena. Koti, gumbuti na tochi kwa mlinzi. Glavu na sabuni kwa mfagizi. Aproni na jiko lisilojaza moshi kwa mpishi. Tairi zenye meno kwa dereva anayepanda Makete wakati wa masika. Vocha ya simu kwa katibu anayepigia watu kwa salio lake. Vitu hivi hutolewa mapema, kimya kimya, kwa saini ya stoo. Usimwite mtu madhabahuni kumpa ufagio.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Kila mtu ukurasa wake. Juu andika jina lake kamili, anavyoitwa na wenzake, kwao ni wapi, alianza kazi lini, watoto wake. Chini acha nafasi kubwa.

Ijumaa mchana keti na daftari. Jiulize, wiki hii nimeona nani amefanya nini? Andika tarehe na tendo. Sifa usiandike. "Mwaminifu" haisaidii kitu. "Tar. 14, alirudisha shilingi 3,500 za chenji ya mkaa, hakuna aliyekuwa anajua" inasaidia.

Baada ya wiki sita fungua kurasa zote. Utakuta za mhasibu na mwalimu wa kwaya zimejaa, na za mpishi na mlinzi ni nyeupe. Usidhani hao hawafanyi kitu. Wewe hujawahi kuwa mahali wanapofanyia. Mpishi wa hosteli huwasha moto saa kumi na moja alfajiri. Nenda siku moja, kaa kwenye kigoda, omba chai. Mlinzi mtembelee saa nane usiku ukitoka safari ya Dar es Salaam. Usipite na gari ukiwa umefunga vioo. Ukurasa utajaa wenyewe.

Tahadhari: daftari hili si la makosa. Makosa yana utaratibu wake na faili lake. Siku watumishi wakigundua kwamba unaandika mabaya humo, kila ukikaribia watanyamaza.

Hatua ya 4: Salimia kabla ya kuagiza

Hatua fupi, bure kabisa, na bado inawashinda wengi. Kitabu cha Ruthu 2:4 kinamwonyesha Boazi akifika shambani: kabla ya kuuliza habari za mavuno, anawaambia wavunaji "Bwana akae nanyi", nao wanaitikia "Bwana akubariki". Tajiri ndiye aliyeanza.

Nawe anza. Ukiwa Iringa au Njombe, "Kamwene" yako hata kama ni ya kuokoteza itafungua mlango. Rungwe na Kyela, "Ndaga fijo" ikisemwa na mchungaji mgeni kwa bibi anayefagia kanisa humfanya acheke hadi ashike ufagio kwa mikono miwili. Na kama mfagizi ni sawa na mama yako kwa umri, wewe ndiye wa kusema shikamoo. Kola ya uchungaji haibadilishi umri wa mtu.

Hatua ya 5: Taja tendo, taja lilichozaa, kisha shukuru

Sasa daftari linaanza kufanya kazi. Asante inayokaa moyoni ina vipande vitatu, na inatosha sekunde ishirini.

Hii ndiyo asante ya kila siku: "Watumishi wetu wanafanya kazi nzuri sana, Bwana awabariki." Mtu anaisikia kama anavyosikia matangazo ya mazishi ya kijiji cha mbali.

Hii ni nyingine: "Mama Lusajo, usiku ule upepo ulipoezua bati la stoo, uliamka ukahamisha magunia matatu ya mchele peke yako. Watoto wa kipaimara walikula wiki nzima kwa sababu yako. Asante sana, mama." Mama huyo ataisimulia hadi kwa wajukuu.

Ukitaka mfano wa Maandiko soma Warumi 16 polepole, sura ambayo tunairuka kwa sababu ni majina tu. Paulo hasemi "nisalimieni wote wanaosaidia". Anamtaja Fibi na msaada wake kwa wengi, Priska na Akila waliohatarisha maisha yao, Persisi aliyejitahidi sana, Rufo pamoja na mama yake ambaye Paulo anasema ni mama kwake pia. Na katikati ya hapo, kwenye mstari wa 22, anajitokeza Tertio, aliyeuandika waraka kwa mkono wake, anatoa salamu kwa jina lake. Katibu muhtasi amepewa mstari ndani ya Biblia! Wewe wako humtaji hata kwenye taarifa ya mwaka aliyoichapa.

Angalizo tatu hapa. Usimsifu mmoja kwa kumpiga mwingine kijembe ("huyu si kama wale wanaochelewa"). Usiunganishe asante na kazi mpya katika pumzi moja, "asante sana kwa jana, sasa kesho uje saa kumi na mbili". Mtu atajifunza kuogopa asante zako. Na usitie chumvi. Mtu anajua alichofanya. Ukikikuza atajiuliza unataka nini.

Hatua ya 6: Chagua mahali pa kusemea

Si kila mtu anapenda kuitwa mbele. Wapo wazee wetu, hasa wa kiume, wanaoona aibu kusifiwa mbele ya vijana, lakini ukimsifu mbele ya wazee wenzake kwenye kikao atainua kichwa mwezi mzima. Kijana wa vipaza sauti anataka kusimama kanisani mama yake akimwona. Mhasibu mara nyingi hupenda barua, kwa kuwa barua inaingia kwenye faili. Ukiwa hujui, muulize mtu wa karibu naye, usimuulize mwenyewe.

Kiongozi mwanamume ukimshukuru mfanyakazi mwanamke, au kinyume chake, fanya mahali penye watu au mbele ya mwenzako. Usitume ujumbe wa "asante sana kwa kazi yako nzuri" saa nne usiku. Hata kama moyo wako ni mweupe kama theluji, mume wake hataisoma hivyo, na mtaa mzima utakuwa na habari kabla ya ibada ya Jumapili. Zawadi ya mama mpeleke na mama mchungaji, au na mzee wa kanisa.

Hatua ya 7: Zawadi ifuate msimu

Ukishatoa haki na vitendea kazi, zawadi inaanza hapo. Ndogo inatosha, ila ifike wakati wake. Mimi nafuata kalenda ya huku kwetu:

Novemba na Desemba ni kupanda. Mfuko wa mbolea au kilo chache za mbegu ya mahindi kwa mtu mwenye ekari moja kule Igawilo au Ilula ni zaidi ya bahasha. Mbolea ikifika Februari ni mzigo wa stoo.

Januari ni ada na sare. Daftari dazeni moja na viatu vya mtoto mmoja huondoa ugomvi ndani ya nyumba.

Juni na Julai ni baridi. Blanketi ya nyumbani kwake, ya watoto wake, hiyo ndiyo zawadi. Koti la lindo tumeshalimaliza.

Wakati wa sikukuu ya mavuno, kabla mnada haujaanza, baraza linaweza kutenga debe la mahindi, mkungu wa ndizi, viazi au kuku kwa kila mtumishi. Vitu vya mavuno havihitaji fedha ya hazina, na vina heshima, maana vimetoka madhabahuni. Lakini vitengwe kabla. Usiwape mabaki ya mnada.

Mei Mosi ni siku ya mfanyakazi hodari. Taasisi nyingi hutoa cheti na bahasha. Sina ugomvi na cheti, mradi jina limeandikwa sawasawa. Nimeona baba mzima akiangalia cheti chenye jina la ukoo lililokosewa, akikikunja mara nne.

Fedha ya zawadi ipite kwenye vitabu, na risiti isainiwe. Ukitoa mfukoni mwako sema ni yako. Ukitoa ya kanisa usijifanye ni yako.

Na tafadhali, usifanye changizo la ghafla kanisani kwa ajili ya mtumishi aliyesimama pale mbele. "Ndugu zangu, mwangalieni baba huyu, viatu vyake mnaviona…" Huko ni kumwanika. Ukitaka usharika uchange, zungumza na jumuiya wiki mbili kabla, yeye asiwepo.

Hatua ya 8: Fika nyumbani

Huku kwetu hakuna asante inayopita kufika msibani. Mfanyakazi wako akifiwa, hata kama ni baba mkwe na msiba uko Isoko mwisho wa barabara, nenda. Kama huwezi, tuma mtu mwenye cheo na barua ya rambirambi yenye jina la marehemu. Kaa kwenye mkeka na wanaume wengine, kula kilichopo, usiondoke na gari mara tu baada ya kusali. Familia itahesabu saa ulizokaa.

Akiugua, nenda hospitali. Akijifungua, mama mchungaji na akina mama waende na sabuni, sukari na kitenge.

Halafu washukuru wanaokaa naye. Mke wa dereva analala peke yake siku tatu kwa wiki gari likiwa safarini Songea au Sumbawanga. Siku moja simama mlangoni kwake, mwambie, "Mama, tunajua tunamchukua sana baba. Tunakushukuru kwa kutuazima." Sijui mwanamke ambaye hilo halijamgusa. Wengine wametumia nafasi hiyo kunieleza kwamba posho ya safari haifiki nyumbani, lakini hayo ni mambo mengine.

Hatua ya 9: Siku ya watumishi, kama lazima uwe nayo

Iwe baada ya siku ya mshahara, si kabla. Isiwe Jumamosi ya Desemba watu wakiwa shambani. Mpishi asipike, tafuteni akina mama wa usharika au mama lishe. Mlinzi apate wa kumshika zamu ili naye ale chakula kikiwa cha moto.

Viongozi wapakue. Mchungaji na wazee washike jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, wawanawishe watumishi mikono mmoja mmoja kabla ya wali wa Kyela na kuku kupita mezani. Katika nyumba zetu anayenawisha ni mdogo, kwa hiyo hakuna atakayehitaji kuelezwa maana yake. Hotuba iwe moja, dakika kumi, kutoka kwenye daftari, mtu mmoja tendo moja. Mgeni rasmi wa nini?

Ukikwama

*Wazee wanasema "mgema akisifiwa tembo hulitia maji".* Methali hii nimeipigiwa kila baraza nililokaa. Mimi huwauliza wazee wa Iringa, ambao ulanzi, ile pombe ya mianzi, wanaujua hata kama hawaukiri mbele yangu: mgema asipolipwa na asiposalimiwa, je, haweki maji? Anaweka mapema zaidi. Anayeharibika kwa sifa ni yule aliyesifiwa kwa jumla, bila tendo. Ukimwambia hasa ulichokipenda, anajua alinde nini.

*Mwingine ananukuu Luka 17:10, "sisi tu watumwa wasio faida".* Soma mstari vizuri. Hayo ni maneno ambayo mtumwa anajisemea mwenyewe. Hakuna mahali bwana ameambiwa amtamkie mtumwa hivyo.

*Hakuna fedha kabisa.* Fanya hatua ya 3, 4, 5 na 8. Toa siku ya mapumziko yenye malipo. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkono, weka muhuri wa ofisi. Nimeikuta barua ya namna hiyo imetundikwa sebuleni kando ya kalenda, miaka sita baadaye.

*Wivu umeanza.* Angalia daftari. Kama mtu mmoja ameshukuriwa mara tano na mwingine mara moja, wivu una haki yake. Kama ziko sawa na bado kuna manung'uniko, zungumza na mnung'unikaji faragha. Mara nyingi kuna jambo jingine, na mara nyingi ni mshahara.

*Niliyemshukuru ameomba nyongeza.* Usikasirike, usione kwamba amekutumia. Umemwambia kazi yake ina thamani, naye amekuuliza thamani hiyo ni shilingi ngapi. Mpeleke kwenye baraza kwa maandishi na umpe jibu lenye tarehe, hata kama jibu ni hapana.

*Yupo mtumishi mzembe, nimshukuru kwa nini?* Usitunge. Akifanya jambo moja sawasawa, hilo hilo. Uzembe wake uzungumze siku nyingine, kwenye chumba kingine. Ukizichanganya, ataikumbuka lawama tu.

*Nimekuta sehemu mpya na watumishi hawaniamini.* Mtangulizi wako pengine aliahidi bati akaondoka nazo. Usiahidi kitu miezi sita ya kwanza. Salimia, lipa kwa wakati, andika daftari.

*Nimemsahau mtu kwenye sherehe.* Nenda siku hiyohiyo, kabla ya giza. Usitume mtoto na sahani iliyofunikwa. Mwambie, "Nimekusahau, kosa ni langu", na utaje tendo lake. Kisha Jumapili inayofuata ulirudie mbele ya wale waliokuwepo.

*Nimehamishwa.* Litatokea, tunahamishwa kila mara. Mambo ya siri uliyoambiwa na watu ondoka nayo kichwani mwako, usimwachie mtu kwa maandishi. Lakini yale matendo yanakili kwenye karatasi safi, mtu mmoja ukurasa mmoja, umwachie mchungaji anayekuja. Wa mlinzi uweke juu, kwa kuwa ndiye atakayemfungulia geti.